Biri za Marehemu Nahodha

Mtu akishalazwa kwenye kiti cha daktari wa meno, kinywa wazi, pamba shavu hili na pamba shavu lile, hana la kufanya ila kusikiliza. Ndivyo Kinanda alivyopata mtaji wake. Aliingia mle ndani na gego lililooza, akatoka hana gego, ana biashara.

Jina hilo alipewa na mtaa, kwa sababu ulimi wake, uubonyeze popote, ulitoa wimbo. Alikwisha kuuza dawa ya kuotesha ndevu kwa vijana na dawa ya kuzizuia kwa wazee, na ilikuwa chupa ileile. Alikwisha kuuza viti vya mbele katika sherehe isiyokuwa na viti. Maskini hakuwagusa kamwe. Watu walidhani ni huruma. Ukweli ni kwamba maskini anauliza maswali mengi kabla ya kutoa chake, na Kinanda hakupenda kusumbuliwa akiwa kazini.

Siku ile ulimi wenyewe ulikuwa umekufa ganzi kwa sindano. Kwa mara ya kwanza tangu aachishwe ziwa, Kinanda alimwacha mtu mwingine aseme.

"Unavuta sigara?" Daktari wa Meno alimuuliza huku akichagua koleo.

Kinanda akatikisa kichwa.

"Vizuri. Usivute, zinaharibu meno. Mimi mwenyewe sigara sigusi. Navuta biri tu. Unazijua biri? Zile nene, majani matupu, hazina karatasi. Si biri za juzi lakini. Zile zilizolazwa kwenye kasha miaka na miaka mpaka zikakomaa. Tuna chama chetu: mimi, Wakili na Mkandarasi. Kila Jumamosi mchana tunakutana kwa Mkandarasi, tunaonja. Juzi Wakili alisikia ngozi, halafu kahawa, halafu udongo ulionyeshewa. Biri moja hiyo!" Akavuta. Gego likagoma. "Nikwambie siri, maadamu huwezi kujibu. Mimi sisikii kitu. Nasikia moshi. Mwezi wa nane huu nasema 'ngozi, ngozi,' na hata sijui ni ngozi ya nini. Ukweli ni kwamba nikiwaambia wenzangu, nimekwisha."

Gego likatoka. Machozi yakamtiririka Kinanda hadi masikioni. Daktari akampa kitambaa, akamwambia maumivu yatapita. Hayakuwa maumivu.

Na haja ya biashara alikuwa nayo. Kinanda alikuwa anaishi kwa dada yake mkubwa, fundi cherehani wa magauni ya harusi, katika nyumba ambayo sebule ndiyo karakana. Godoro lake lilikuwa chini ya meza ya kukatia vitambaa. Shemeji yake, mtu mpole, alikuwa akitoka alfajiri kwenda kazini na kila alfajiri alikuwa akiiruka miguu ya Kinanda kama mtu anayevuka mtaro. Mwaka wa tatu huo. Wiki ileile Dada alikuwa ameshatoa hukumu, sindano mdomoni.

"Mwezi ukiisha, wewe na godoro lako nje. Sikufukuzi, nakupa nafasi ukue."

"Dada, nina miaka arobaini na moja."

"Ndiyo maana nimesema ukue."

Basi Kinanda akaenda sokoni kwa muuza tumbaku, mzee mmoja aliyekuwa na kibanda chake ubavuni mwa duka la saruji, akanunua majani ya tumbaku kavu, yale ya bei ya chini, yaliyokwisha kukaa juani na vumbini mpaka yakakata tamaa. Akayaloweka katika chai kali yenye kijiko cha asali. Dada alipotoka kwenda kupima mabibi harusi, aliyanyoosha kwa pasi yake ya umeme. Akayasokota juu ya meza ya vitambaa, akayakata ncha kwa mkasi wa lesi. Fundi wa kuchapa kadi za harusi alimtengenezea pete za karatasi nyekundu zenye taji la dhahabu, kila biri ikavishwa yake kama bibi harusi. Akazilaza biri thelathini katika kasha la mbao ambalo zamani lilikuwa la vijiko. Kazi yote ilichukua siku mbili, na siku kumi akaziacha chini ya godoro zipate umri. Katika siku hizo wateja wawili walirudisha magauni wakisema yananuka babu.

Siku ya kumi na mbili, Kinanda alivaa koti la shemeji na kwenda kwenye duka dogo la viberiti vya gesi na viko, ambako chama kile kilikuwa kikinunua biri zake. Alimngoja Daktari kwa saa mbili nzima bila kununua kitu. Daktari alipoingia, Kinanda alikuwa ameshika biri ya dukani puani. Akaivuta harufu, akafumba macho, akairudisha mahali pake kwa upole, kama mtu anayemrudisha mtoto wa watu kwao.

"Vipi?" Daktari akauliza. "Mbovu?"

"Hapana, ndugu yangu. Changa. Bado inalia."

Daktari hakumtambua hata kidogo. Alikuwa hajawahi kumwona akiwa amefunga mdomo.

"Wewe unasikia kama inalia?"

"Nililelewa na biri. Mjomba wangu marehemu alikuwa nahodha wa meli. Kila bandari alinunua moja, akailaza kwenye kasha, asiiguse. Aliniachia thelathini. Miaka thelathini, biri thelathini." Akashusha pumzi. "Lakini haya si mambo ya kusimulia dukani. Kwaheri."

Akatoka. Alihesabu hatua. Katika hatua ya kumi na moja Daktari akamshika mkono wa koti.

"Unauza?"

"Siuzi," Kinanda akasema, na akawa amekwisha kuuza.

Jumamosi hiyo mchana, watu wanne walikaa katika ukumbi wa Mkandarasi. Ulikuwa ukumbi wa mtu aliyejenga nyumba yake mwenyewe na kubakiza vigae: vigae sakafuni, vigae ukutani, vigae mpaka kwenye miguu ya meza. Mkandarasi alikuwa mtu mnene, mwenye haya, ambaye maisha yake yote aliyatumia kwenye mchanga na kokoto na sasa alitaka awe na kitu laini cha kuongelea. Wakili alikuwa mwembamba, na alikaa kama mtu anayesubiri kupinga. Daktari mmeshamjua.

Kinanda aliwapa sheria kwanza. Watu wazima wanapenda sheria, hasa zisizo na maana.

"Biri iliyokomaa haivutwi," alisema. "Inasikilizwa. Dakika tatu za kwanza hakuna kusema. Na hakuna kukohoa. Akohoaye, biri imemkataa. Si kosa lake, ni ulimi ambao haukusoma."

Wanachama watatu wakawasha. Moshi uliopanda ulikuwa wa rangi ya maji ya kufulia. Shingo ya Wakili ilivimba. Daktari alishika mikono ya kiti kama wagonjwa wake wanavyofanya. Machozi yalimjaa Mkandarasi, yakafurika, yakashuka, naye hakuyafuta. Dakika tatu zile zilikuwa ndefu kuliko ndoa nyingine, lakini hakuna aliyekohoa.

"Ngozi," Daktari akasema kwa sauti iliyokauka.

"Ngozi, naam," Wakili akadakia, "lakini si ngozi tu. Ngozi ya kiti. Kiti cha jaji. Na kwa mbali, karafuu."

Wote wakamgeukia Mkandarasi. Jasho lilimtoka. Alijaribu kutafuta ngozi, hakuiona. Alijaribu karafuu. Mwisho akasema neno alilokuwa nalo, kwa aibu:

"Mimi... mimi nasikia saruji."

Daktari akatazama dari. Wakili akatabasamu kwa upande mmoja. Kinanda akainuka, akamwendea Mkandarasi, akamwekea mkono begani.

"Mbichi au iliyokauka?"

"Iliyokauka."

"Mjomba alikufa akiniambia: atatokea mtu mmoja tu atakayeisikia ile saruji. Gati la bandari, mzee. Biri hizi zililala gatini mwezi mzima kabla ya kupakiwa."

Kwa haki, lazima isemwe kwamba mle ukumbini Mkandarasi peke yake ndiye aliyeonja sawasawa. Kibanda cha muuza tumbaku na duka la saruji vilitenganishwa na gunia tu. Lakini watu wakweli huwa ndio wa kwanza kuliwa, na tangu dakika ile Mkandarasi alikuwa wa Kinanda, roho na mwili. Alitaka kasha lote. Kinanda akasema hauzi. Mkandarasi akabembeleza. Kinanda akasema mjomba atageuka kaburini. Mkandarasi akauliza, basi mjomba angependa nini?

"Mjomba?" Kinanda akatazama nje dirishani kwa muda uliotosha. "Mjomba alihuzunika kwamba kasha lake halina nyumba. Leo liko hapa, kesho pale. Mimi mwenyewe ni mtu wa kupanga tu."

Mkandarasi alikuwa na jengo jipya la ghorofa nne, na ghorofa ya nne ilibaki na nyumba moja isiyo na mtu: vyumba viwili, jiko, na roshani upande wa jua la asubuhi. Hakufikiri mara mbili. Kasha kwa nyumba, kukaa bure miaka kumi. Wakili angeandika mkataba Jumamosi ijayo.

Jioni ile Kinanda alimwambia dada yake kwamba anahama. Dada akasimamisha cherehani.

"Umemwibia nani?"

"Dada, mbona hivyo! Nimepewa. Kwa ladha yangu."

Dada akarudisha mguu kwenye cherehani. Hata hivyo usiku hakulala bila kutafuta kitambaa cha pazia.

Jumamosi ya pili, Wakili alikuja na karatasi, na akaja pia na shaka. Mawakili hawaji na kimoja bila kingine.

"Nyumba ni nyumba," alisema. "Biri ni biri. Kabla hatujatia sahihi, nataka mtu wa fani azitazame."

"Mtu wa fani ndiye mimi," Kinanda akasema.

"Wewe ni muuzaji. Mheshimiwa," Wakili alimgeukia Mkandarasi, "si uliwahi kuniambia mama mkwe wako alifanya kazi kiwanda cha tumbaku?"

Haya zikamshika Mkandarasi. Ilikuwa siri ambayo aliitoa siku moja kwa bahati mbaya. Mama mkwe wake alikuwa amefanya kazi meza ya kuchambua majani miaka ishirini na sita, na tangu aje kuishi hapa, Mkandarasi hakuruhusu tumbaku yake ya mfukoni ionekane mbele ya wageni. Siku za chama alikuwa akiombwa akae jikoni, kwa heshima zote, na mlango ufungwe.

"Yule ni mtu wa kazi za mikono tu," akasema. "Mambo ya kuonja hayajui."

"Aitwe," Wakili akasema.

Mama Mkwe aliingia taratibu, mwanamke mfupi, mkavu, vidole vyake vya rangi ya chai. Wakamwamkia, akaitikia. Hakukaa. Alichukua biri moja kutoka kwenye kasha, akaiviringisha karibu na sikio kama anayesikiliza saa, akainusa ncha hii, akainusa ncha ile. Halafu akaipitisha ukucha kwenye jani, polepole, toka juu mpaka chini. Kinanda alihisi ukucha ule mgongoni mwake. Alipima kwa jicho umbali wa mlango. Kulikuwa na vigae vingi na vilikuwa vinateleza.

Mama Mkwe aliwasha. Akavuta mara moja, akauachia moshi utoke wenyewe, akamtazama Kinanda. Hakukohoa.

"Umesema ina miaka mingapi, mwanangu?"

"Thelathini, mama," Kinanda akasema, na sauti ikamtoka kama ya mtoto aliyevunja kitu.

Mama Mkwe akatikisa kichwa.

"Umekosea. Hii haipungui thelathini na mbili." Akaiweka kwenye kisahani. "Samahani, nina sufuria jikoni." Akatoka.

Daktari alipiga makofi. Wakili akafungua kalamu. Mkandarasi alimtazama mama mkwe wake akiondoka kama mtu aliyegundua kisima ndani ya chumba cha kulala. Na Kinanda, aliyekuwa hajawahi maishani kusemewa uongo na mtu mwingine, akaomba ruhusa ya kwenda kunywa maji.

Jikoni, Mama Mkwe alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Chai kali," alisema. "Asali kidogo. Na pasi."

"Pasi, mama?"

"Jani la tumbaku halinyooki vile kwa uzee. Uzee hunyoosha nani? Mimi nazikadiria siku kumi na saba."

"Kumi na nane," Kinanda akasema, akiwa amechomwa kidogo.

"Haya, kumi na nane. Usinikasirikie."

"Mama, nakushukuru. Sijui kwa nini umenisitiri, lakini nakushukuru. Unataka nini? Sema."

"Mimi? Sitaki kitu." Akatoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa dirishani. "Nakuhurumia tu. Hujasikia kwamba Wakili ameiandikia barua kampuni ya meli? Anataka wamthibitishie huyo nahodha. Jibu linakuja Jumatatu."

Kinanda akaweka chini kikombe cha maji aliyokuja kunywa.

"Hakuna nahodha," akasema.

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nakuhurumia. Njia ya mwongo fupi, na ya kwako inaishia Jumatatu."

Kinanda akasimama kama mtu aliye mbele ya mlango wa mganga. Kisha Mama Mkwe akasema, kana kwamba wazo limempitia tu njiani:

"Labda biri zingekuwa zangu."

"Zako vipi?"

"Nilipostaafu kiwandani, nilipewa kasha la kuagwa. Nikaliweka kwa jamaa wa marehemu mume wangu. Wewe umeniletea, basi. Ukaogopa kunitaja kwa sababu mkwe wangu hapendi. Meli inatoka, nahodha anatoka, barua ya Wakili inajibiwa 'hatumjui' na hakuna anayejali. Nani atamwandikia barua mama mkwe?"

Kinanda alilizungusha jambo lile akalitazama kila upande, kama fundi anavyotazama kiti cha fundi mwenzake. Lilikuwa limeungwa vizuri. Hakukuwa na msumari uliochomoza.

"Na wewe, mama, unafaidika nini?"

Hapo ndipo Mama Mkwe alipoinua kichwa. Macho yake yalikuwa na unyevu. Huenda ni vumbi la mchele.

"Miaka minne naishi jikoni humu wakija wageni. Walau leo watajua kwamba nami niliwahi kuwa na kitu cha thamani. Basi. Nyumba kaa wewe, uko kijana."

Kinanda aliguswa. Mjanja ni kama jiwe la kusagia: kutwa kucha anasaga wengine, lakini mdondoshe kutoka juu kidogo tu anapasuka. Alirudi ukumbini, akainamisha kichwa, akakiri. Alisema nahodha hakuwako, alimbuni kwa kulinda heshima ya mama. Alisema kasha ni la mama. Aliisimulia kwa uchungu kiasi kwamba Daktari alitoa kitambaa chake tena. Mkandarasi alikwenda jikoni mwenyewe, akamshika mama mkwe mkono, akamketisha kwenye kochi la ukumbini, mbele ya wageni, kwa mara ya kwanza.

Wakili alirekebisha karatasi. Ilisema mwenye kasha analitoa kwa Mkandarasi, na Mkandarasi anampa mwenye kasha nyumba ya ghorofa ya nne akae miaka kumi. Chini yake aliongeza kwamba "aliyetia sahihi hapa si mwenye mali, ni mletaji tu, na hana dai lolote sasa wala baadaye." Kinanda aliisoma mara mbili. Aliona ni karatasi nzuri, inamtenga na kasha vizuri kabisa, polisi wakija. Akatia sahihi yenye mkia mrefu. Mama Mkwe akatia yake, fupi. Ufunguo, Mkandarasi alisema, ungekuwa tayari kesho asubuhi, fundi bomba akimaliza.

"Mimi nitauchukua nikupelekee, mwanangu," Mama Mkwe alimnong'oneza Kinanda mlangoni. "Usijisumbue. Uje na vitu vyako tu."

Jumapili, saa nne asubuhi, Kinanda alisukuma mkokoteni wa kukodi hadi kwenye jengo jipya. Juu yake kulikuwa na godoro, begi, na mapazia manne ya rangi ya ndizi mbivu ambayo Dada alikuwa ameyashona kwa siku kadhaa bila kusema. Wakati wa kuagana Dada alilia. Shemeji alimkumbatia kwa nguvu ambayo haikuwa ya huzuni tu.

Alipanda ngazi na mapazia begani. Mlango wa ghorofa ya nne ulikuwa wazi. Sakafu ilikuwa imeshapigwa deki. Jiko lilikuwa na sufuria. Na kwenye roshani, juani, miguu juu ya kigoda, Mama Mkwe alikuwa amekaa akivuta biri.

Hiyo haikuwa biri ya Kinanda. Alijua kabla hajafika. Harufu yake ilimpokea mlangoni, ikamshika mkono: kitu kama mkate, kitu kama mbao, kitu kitamu kilichokaa kimya muda mrefu. Alisimama katikati ya chumba kitupu, na kwa mara ya kwanza akaelewa alikuwa akidanganya kuhusu nini.

"Karibu, mwanangu. Hizo pazia ni zangu? Ahsante, umefikiria. Ziweke hapo."

"Shikamoo, mama. Mama... nyumba hii..."

"Marahaba. Nzuri, eh? Jua la asubuhi lote langu."

"Uliniambia nikae mimi."

"Nilikuambia jikoni. Kwenye karatasi umesema nini?"

Kinanda aliyashusha mapazia begani. Alikaa juu ya mapazia.

"Na barua ya Wakili? Kampuni ya meli?"

"Barua ipi?" Mama Mkwe akagonga jivu, jeupe, refu, lisilovunjika. "Wakili yule hajibu hata barua za mama yake mzazi. Miaka ishirini na sita nimechambua majani, mwanangu. Bovu huku, zuri huku. Lililo zuri lakini lina doa, unalikata doa, unalitumia. Wewe ni jani zuri."

"Umenila, mama."

"Nani kakula? Umesaini mwenyewe kwamba ni mletaji. Na kazi ya mletaji haijaisha: kitanda changu kiko bado kwa mkwe, na kabati, na cherehani ya miguu. Mkokoteni si unao?"

Kinanda alifungua kinywa. Ulimi ule uliokuwa ukitoa wimbo popote unapobonyezwa haukutoa chochote, na safari hii hakukuwa na sindano. Alitazama mkataba wenyewe, umebandikwa ukutani kwa msumari mmoja. Alifikiria kwenda kwa Mkandarasi kumwambia ukweli, yaani kwamba biri zina siku kumi na tisa sasa na kwamba ni yeye aliyezipiga pasi. Akauona akilini mlango wa kituo cha polisi. Akainuka, akashuka ngazi.

Kwa Mkandarasi walimpokea kama ndugu. Daktari na Wakili nao walikuwako, wamekuja kulitazama kasha. Mkandarasi mwenyewe alisaidia kubeba kitanda cha mama mkwe mpaka nje, akakipakia kwa mikono yake, akakifunga kamba mara tatu, akaijaribu kamba kama haitafunguka njiani. Halafu akamvuta Kinanda pembeni, uso wote unang'aa.

"Ndugu yangu, sijui nikushukuru vipi. Biri thelathini na mbili za miaka thelathini..."

"Thelathini za miaka thelathini na mbili."

"Ndiyo, hizo. Na juu yake," akashusha sauti, akatazama dirisha la jikoni lililokuwa tupu, "mama amepata kwake. Mke wangu ana furaha, mama ana furaha. Miaka minne nilikuwa natafuta namna ya kulisema jambo hili kwa adabu. Sijawahi kufanya biashara nzuri hivi. Subiri, huwezi kuondoka hivihivi!"

Akaingia ndani, akarudi na biri moja yenye pete nyekundu na taji la dhahabu. Akamtilia Kinanda mdomoni kwa mkono wake, akamwashia. Yeye mwenyewe akawasha nyingine. Daktari na Wakili wakasogea wakasimama kando ya mkokoteni, kwa heshima.

Kinanda akavuta. Alikuwa hajawahi kuivuta hata moja, maana mwenye duka la sumu hali dukani kwake. Moshi ulishuka kifuani kama gunia la mkaa kutoka kwenye lori. Macho yakamtoka. Kikohozi kikapanda, kikafika kwenye meno, akakibana hapo, kwa sababu watu watatu wenye nyuso za ibada walikuwa wanamwangalia, na sheria aliitunga mwenyewe.

"Haya, bingwa," Mkandarasi akasema kwa upole. "Unasikia nini?"

Machozi yalimshuka Kinanda mpaka kidevuni. Akatazama kitanda, kabati, na cherehani ya miguu. Akatazama mtaa aliotakiwa kuupanda na vitu hivyo, na kwa mbali jengo la ghorofa nne.

"Nasikia vyumba viwili," akasema. "Jiko. Na roshani, upande wa jua la asubuhi."

Mkandarasi akafumba macho. Akavuta polepole, akaushikilia moshi, akaugeuzageuza mdomoni kwa muda mrefu sana.

"Roshani naipata," alisema mwishowe. "Hivyo vyumba bado."